Theolojia ya Kuketi na Watu: Kuandaa Watumishi wa Huduma Maalumu Opala



1. Utangulizi

Nimepewa kusema juu ya masomo ya theolojia na maandalizi ya huduma maalumu. Huduma maalumu ni kazi ya kichungaji inayofanyika mbali na mimbari: kando ya kitanda cha mgonjwa, gerezani, shuleni, penye msiba, na pale jamii mbili zilipomwagiana damu. Hoja yangu ni moja. Mtumishi wa kazi hizo kwa ajili ya eneo letu la Opala, hapa Kongo, aandaliwe hapa hapa Opala, akiwa bado anaishi na watu wake, na masomo yake yaanzie kwenye majeraha yao.

2. Tulikotoka

Kanda yetu haikukosa walimu. Wabaptisti wa Uingereza walifungua misheni ya Yakusu, karibu na Kisangani, mwaka 1896. Mwaka uliofuata Padri Gabriel Grison wa shirika la Moyo Mtakatifu alifika na kuanzisha misheni ya Mtakatifu Gabriel. Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua Kisangani Chuo Kikuu Huru cha Kongo. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vyote vya nchi kuwa kimoja, na leo masomo ya juu ya theolojia ya Kiprotestanti mara nyingi yanafuatwa mbali, kama Kinshasa au Bunia. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa kwa mto ni zaidi ya kilomita 1,700. Kabla ya hapo kijana wa Opala ana njia ya msitu ya kumfikisha Kisangani kwanza. Ukoo huuza mbuzi na mpunga ili mmoja asome. Miaka inapita, watoto wake wanaanza shule mjini, na kijiji kilichomtuma kinaendelea kungoja.

Vyuo hivyo tunavihitaji, na wanaoweza kwenda waende. Lakini Yakusu ilituachia fundisho jingine. Daktari Clement Chesterman alipofika huko mwaka 1920, malale ilikuwa inamaliza vijiji. Daktari mmoja asingeweza kuvifikia vyote. Aliwafundisha vijana wa hapa uuguzi, wakawekwa katika zahanati za vijijini, wakatibu na kuongoza sala. Mgonjwa alihudumiwa na mtu anayejua lugha yake na anayemjua mama yake. Kama uuguzi wa mwili uliwezekana hivyo, uuguzi wa roho unashindikanaje?

3. Jeraha lililo mbele yetu

Mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya jamii za Wambole na Walengola uliwaka Lubunga, sehemu ya Kisangani iliyo ng'ambo ya mto, ukafika hata katika maeneo yetu. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakakimbilia Kisangani mjini.

Siku moja nilikwenda na mwanafunzi wangu kuwatembelea waliokimbia. Tulimkuta mama mmoja ameshika ungo, anapepeta mchele uliokwisha kuwa safi. Mikono yake haikutulia. Mwanafunzi alifungua Biblia, akasoma sura nzima, kisha akahubiri juu ya kusamehe. Mama hakuinua macho. Baadaye mama mzee wa kanisa aliyekuwa pamoja nasi aliketi chini, akashika ukingo wa pili wa ungo, wakapepeta pamoja bila neno. Muda ulipita. Ndipo yule mama akataja jina la mwanawe.

Mwanafunzi hakuwa na ubaya wowote. Kosa lilikuwa langu mimi mwalimu: nilimfundisha kusema, sikumfundisha kuketi. Rafiki za Ayubu walikaa chini pamoja naye siku saba kimya, na walikuwa wachungaji wema mpaka walipofungua midomo. Ezekieli naye, alipowafikia wahamishwa kando ya mto Kebari, aliketi kwanza kati yao siku saba. Kunyamaza na mwenye uchungu ni somo. Lina mazoezi yake, nalo litahiniwe kama Kigiriki na historia ya Kanisa.

4. Elimu ya wazee

Mtumishi wa hapa ajue pia shule iliyokuwapo kabla ya misheni. Wambole walikuwa na lilwa, chama kilichowafunda vijana sheria, heshima na kutunza siri. Sanamu zake ziitwazo ofika ziliwakumbusha watu wale walionyongwa kwa kuvunja sheria. Leo nyingi zimo katika makumbusho ya Ulaya. Basi fikirini: watu waliofundwa mbele ya sanamu ya aliyenyongwa wanasikiaje habari ya Mwokozi aliyetundikwa msalabani kama mhalifu? Swali hilo ni theolojia kamili, na mwenye kulijibu vizuri ni mtoto wa Opala. Atakayewahudumia wafungwa aanze hapo.

5. Mapendekezo

Kwanza, tufungue masomo yanayomfuata mwanafunzi nyumbani. Wapresbiteri wa Guatemala walianza mtindo huo mwaka 1963, walipoona wanaokwenda seminari ya mjini hawarudi: mwalimu huwaendea wanafunzi, wao husoma wakiendelea na kazi zao. Hapa kwetu ratiba ifuate majira ya shamba, na mwalimu asafiri kwa baiskeli na mtumbwi.

Pili, huduma hii tusiwaachie wenye daraja peke yao. Kardinali Malula aliwaweka bakambi wa kwanza Kinshasa mwaka 1975, walei wenye familia zao, akawakabidhi uongozi wa parokia. Mama mzee aliyeshika ukingo wa pili wa ungo apewe nafasi darasani, na kama mkufunzi pia.

Tatu, kila mwanafunzi awe na mahali pa mazoezi: hospitali, gereza, shule au familia yenye msiba. Aandike daftari la ziara bila majina ya watu, kisha alisome na mlezi wake kila mwezi. Asiyeweza kutunza siri asipewe kazi hii.

Nne, Mmbole na Mlengola wakae darasa moja, na katika ziara waende wawili wawili. Upatanisho ambao walimu hawajauonja, wataufundishaje?

6. Hitimisho

Wapendwa, hatuhitaji kungoja jengo. Kila kanisa lililowakilishwa hapa lirudi na kumchagua mtu mmoja ambaye watu humwendea tayari wanapolia, awe mwanamume au mwanamke. Mleteni huyo, na daftari lake. Masomo yataanzia kwake.