Deni la Dola kwa Asiye na Hati



Kabla ya mwaka 1963, mtu aliyetweka tanga Pemba akashukia Kilifi au Shimoni hakuwa ametoka katika milki ya Sultani wa Zanzibar, kwa kuwa ukanda wa maili kumi wa pwani hii ulihesabiwa kuwa wake kisheria, ijapokuwa Waingereza ndio walioutawala tangu 1895 kwa mapatano ya kumlipa ijara kila mwaka. Na mapatano ya Oktoba 1963 yalipoutia ukanda huo katika Kenya, ardhi ilipata dola mpya, ilhali mvuvi wa Kipemba aliyeoa, akazaa na kuzika wazee wake juu ya ardhi hiyo hakuulizwa wala hakuandikwa.

Kadhia ya Wamakonde ni nyingine. Hao walitoka Msumbiji, wengi wao tangu miaka ya 1930, wakaja kukata mkonge na miwa katika mashamba makubwa ya pwani, na hawakuja kwa kificho: waliajiriwa mchana kweupe, mikono yao ikapokelewa, nao wenyewe wakaachwa nje ya daftari.

Natamani tuutazame ukosefu huu wa hati kwa karibu, kwani wengi wetu tunaudhania kuwa ni jambo la ofisini. Mvuvi asiye na kitambulisho hapewi leseni, basi huvua chini ya jina la mwenziwe. Afikapo dikoni alfajiri, changu na tasi wake huandikwa kuwa ni wa mwenye leseni. Laini ya simu yake imesajiliwa kwa jina la jirani, na fedha ya samaki huingia humo, hata jirani akifariki au wakikosana, maskini huyu hana pa kushitaki, maana kwenda mahakamani kwake ni kujitia pingu mwenyewe. Binti yake huweza kuongoza darasa zima, kisha mtihani wa taifa ukadai cheti cha kuzaliwa asichokuwa nacho. Askari akimkuta njiani, kitu kidogo humtoka, na kesho yake humtoka tena.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilimruhusu mtu aliyeishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, asiye na uraia wa dola nyingine, aombe kuandikishwa, na miongoni mwa masharti yake ni kujua Kiswahili au lugha ya wenyeji, sharti ambalo Mpemba alilitimiza tangu yu mwana wa kunyonya. Lakini muda uliowekwa ulikuwa miaka 5, nao ukayoyoma watu wakingoja. Oktoba 2016 Wamakonde wakafunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, na Rais wa wakati huo akaamuru waandikishwe; mwaka uliofuata wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba walingoja hadi 2023.

Nimesikia watu wa hishima wakiyaita hayo hisani ya serikali, na hapo ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Mwenye kufanyiwa hisani hudaiwa shukrani; mwenye kulipwa deni ana haki ya kuuliza habari ya miaka iliyopita. Tena tukishikilia neno hilo la hisani, aliyeingia nchini mwaka jana kwa kukimbia njaa au vita tutamwambia naye angoje nusu karne, ilhali Katiba ya 2010 imemkiri kila mtu kuwa na utu wake, imekataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na imempa kila mtoto haki ya jina, uraia na elimu ya msingi, pasi na kumtaka kwanza aonyeshe kitambulisho cha babake.

Kwa hiyo naitaka serikali iufungue upya mlango wa 2011 bila kuuwekea kikomo cha miaka. Ofisi za usajili zikubali ushahidi wa wazee wa mtaa na wa wakunga waliowapokea watoto nyumbani. Na wale waliokufa kabla ya kuandikwa, watoto wao wasizuiwe kurithi kiwanja wala chombo cha baharini kwa sababu marehemu hakuwahi kuwa na hati.