Pembetatu ya Pascal na Ndama wa Mbulu na Hanang

Pembetatu ya Pascal ni mpangilio wa namba unaoanza na 1 kileleni na kushuka kwa safu, ambamo kila namba ya ndani ni jumla ya mbili zilizo juu yake, hivyo safu ya 1, 3, 3, 1 huzaa 1, 4, 6, 4, 1. Ingawa mpangilio huu una jina la Mfaransa Blaise Pascal, aliyeuandikia kitabu mwaka 1654, al-Karaji wa Baghdad aliufahamu zaidi ya miaka 600 kabla yake, na Yang Hui wa China, aliyeuchora mwaka 1261, alikiri kiungwana kwamba aliupata kwa mwanahisabati aliyemtangulia, Jia Xian.

Wilayani Mbulu na Hanang, ambako Wairaqw na Wadatoga hufuga ng'ombe, safu hiyo ya 1, 4, 6, 4, 1 ina kazi ya wazi. Ng'ombe akizaa mara nne, ndama mmoja mmoja, na uwezekano wa jike na dume ukichukuliwa kuwa sawa, kuna mifuatano 16 ya uzazi: 6 huleta majike wawili, 4 huleta majike watatu, na mmoja tu huleta madume watupu, kwa hiyo mfugaji anayetamani walau jike mmoja ana nafasi 15 kati ya 16.