Wakili Akikosa, Nani Humwadhibu?

Leo tusome habari za wakili anayekosa.

Tuseme una kesi ya kibanja. Umeuza kahawa yako, ukampa wakili fedha akusimamie mahakamani. Siku ya kesi haonekani. Kesi inafutwa, na fedha harudishi. Utakwenda wapi? Wengi hunung'unika kwenye rubisi, kisha hunyamaza.

Iko Kamati ya Mawakili, chini ya Sheria ya Mawakili, ambayo asili yake ni ya mwaka 1954. Jaji ndiye huiongoza. Mwananchi aweza kuipelekea malalamiko kwa maandishi, pamoja na hati ya kiapo. Wakili naye huitwa ajitetee. Akionekana ana hatia, Kamati yaweza kumwonya, kumsimamisha kazi, au kufuta jina lake katika Orodha ya Mawakili.

Lakini neno la Kamati si la mwisho. Mwaka 2020 ilifuta jina la Fatma Karume, aliyepata kuwa Rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, kwa sababu ya maneno aliyoyaandika katika kesi. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi huumia. Kamati hushughulika na wakili aliyemo katika Orodha. Lakini yuko mtu mwingine: amevaa suti, hukaa karibu na mahakama, huandika barua, na hujiita wakili. Watu humwita kishoka. Jina lake halimo katika Orodha, basi Kamati ifute nini? Huyo mpeleke polisi, kwani kujifanya wakili ni kosa.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata shilingi moja, uliza jina lake kamili, na kama leseni yake ya mwaka huu ipo. Mahakama ina mfumo wa intaneti uitwao e-Wakili, unaoonyesha mambo hayo. Kama huna simu ya namna hiyo, mwombe kijana wako akutazamie. Asione haya kuulizwa, na wewe usione haya kuuliza.

Halafu dai risiti. Bila karatasi, utathibitishaje kwamba ulilipa? Haya, shikeni kalamu. Andikeni katika daftari, mjaze nafasi, kisha kila mtu amsomee jirani yake:

Mimi, wakili ………, nimepokea shilingi ……… kutoka kwa ………, kwa kesi namba ……… Tarehe ……… Sahihi ………