Jina la Mwalimu na Simu ya Mkononi

Hotuba kwa walimu, na kwa vijana wanaojifunza ualimu, Masasi na Newala



Mwaka huu wa 2026 Dayosisi ya Masasi imetimiza miaka 100 tangu ilipowekwa mwaka 1926, chini ya Askofu Vincent Lucas. Wengine watawasimulia habari za makanisa na hospitali. Sisi tumepewa kusema juu ya kitu kidogo kikaacho mfukoni, yaani simu, na namna impasavyo mwalimu kuitumia. Labda mtu atauliza, Simu ina nini na Jubilii? Twajibu kwamba kazi ya ualimu katika nchi hii ilikwenda tangu mwanzo pamoja na vyombo vya kuchukulia maneno, na kila chombo kilimtaka mwalimu ajifunze adabu yake.

Kumbukeni asili yetu. Askofu Edward Steere alipowaleta kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani, wakakaa Masasi mwaka 1876, alikuwa amekwisha kuizoea kazi ya kupiga chapa. Vitabu vya Kiswahili vilichapwa Unguja, na vijana wa misheni walifundishwa kazi hiyo. Chuo cha Kiungani kikatoa walimu, na wengine wao wakatumwa huku kwetu. Mwaka 1888 hapo Kiungani likaanzishwa gazeti, jina lake Msimulizi, ndani yake zikatiwa habari za vituo vya misheni. Basi habari ya huku bara ilichukuliwa kwa miguu mpaka pwani, ikavuka bahari, ndipo ikachapwa, ndipo ikarudi kusomwa.

Safari hiyo ilikuwa ndefu, na watu waliona ni taabu. Lakini taabu ile ilikuwa na faida yake ambayo haikuonekana mpaka ilipotoweka. Mwandishi alipata nafasi ya kufikiri, mchapaji alipata nafasi ya kusoma, na neno la hasira lilipoa njiani. Leo neno hutoka Newala likafika Unguja, na Muscat, na London, kabla mwandishi hajairudisha simu mfukoni. Hapana mchukuzi, wala hapana mhariri. Ulinzi uliokuwa njiani sasa hauna budi kukaa ndani ya mtu mwenyewe. Hilo ndilo shina la maneno yetu ya leo, na mengine yote ni matawi yake.

Kwanza tuseme juu ya faida, maana hatukuja kuwatisha vijana. Mwalimu wa kijijini, mwenye kitabu kimoja kwa watoto wengi, amepata msaada ambao mwalimu wa zamani hakuuota. Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vya kiada katika Maktaba Mtandao yake, na mwalimu aweza kuvisoma huko. Ikiwa kijijini mawasiliano ni hafifu, na ashuke sokoni siku ya gulio, mahali penye mtandao mzuri, apakue yale yanayoruhusiwa kupakuliwa, kisha arudi nayo nyumbani ayasome usiku bila gharama nyingine. Akina mama wa uwanda huu wa Makonde walijua tangu kale kwamba maji hayapatikani juu kila mahali. Walishuka bondeni, wakateka, wakapanda nayo, wakayatumia kwa kipimo. Na mwalimu ateke elimu vivyo hivyo, ajaze mtungi kabla ya kiu.

Tena simu humwezesha mwalimu kusikiliza wenzake wanavyofundisha hesabu au kusoma, kupiga picha ya mchoro uliochorwa ubaoni ili usipotee, na kuwaita wazazi mkutanoni bila kumtuma mtoto mwendo wa saa mbili. Mambo hayo ni mema, wala hatuoni haya kuyasifu.

Lakini chombo chenye kusema haraka si lazima kiseme kweli. Siku hizi zipo programu za akili mnemba, ambazo ukiziuliza neno hukujibu kwa ufasaha kama mzee wa baraza. Mwanafunzi wa ualimu huiambia programu imwandalie somo, nayo humwandalia kabla chai haijapoa. Twasema hivi: na aulize, lakini asiamini kabla ya kupima. Aiulize juu ya mambo anayoyajua mwenyewe, kwa mfano historia ya kijiji chake, au majira ya korosho, jinsi mikorosho hupuliziwa dawa na kuokotwa korosho zake. Atasikia kweli na uongo vikisemwa kwa sauti ile ile, bila kigugumizi. Akiisha kuona hivyo, atajua kwamba katika mambo asiyoyajua hana budi kushika kitabu na kumwuliza mwenye kujua. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kumpima mwalimu wake. Kwa hiyo kosa la mwalimu huingia ndani yake kama maji katika mchanga.

Sasa twaja kwenye jina. Wahenga walisema, Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Zamani jina la mwalimu lilijulikana katika kijiji chake na vijiji jirani. Akihamishwa kutoka Masasi kwenda Newala, alipata mwanzo mpya, watu wakamtazama kwa matendo yake ya sasa. Leo jina lake humtangulia. Kabla hajashusha mzigo wake, mzazi mmoja amekwisha kuliandika jina hilo katika simu na kuona picha alizoweka akiwa na miaka kumi na tisa, matusi aliyomjibu mtu juu ya mpira, na dhihaka aliyoifanyia kabila la watu anaokwenda kuwafundisha watoto wao. Hatusemi kwamba kijana asicheke wala asipende mpira. Twasema ajue kwamba baraza la mtandao halina mlango, na kila aliyesema humo amesema mbele ya wazazi wa wanafunzi wake wajao.

Basi yafaa mwanafunzi wa ualimu, mapema kabla hajaajiriwa, aketi siku moja alitafute jina lake mwenyewe, asome kama mzazi angalivyosoma. La aibu alifute. La mtu mwingine lililowekwa bila ruhusa aombe liondolewe. Kisha aweke mema: somo alilolitengeneza, zana ya kufundishia aliyoiunda kwa vifuu au maganda, swali lenye maana kwa walimu wenzake. Atumie jina lake la kweli. Maombi ya kazi ya ualimu siku hizi hupelekwa kwa njia ya mtandao, na anwani ya barua pepe yenye jina la mzaha ni kama kuja kuomba kazi umevaa kinyago cha mapiko. Ngomani kina heshima yake, lakini ofisini watu watashangaa.

Lakini jina la mwalimu si jambo zito kuliko yote. Lililo zito zaidi ni jina la mtoto. Twajua habari ya mwalimu mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule ambayo hatutaitaja. Alimsimamisha msichana asome, msichana akashindwa na maneno, akayatamka kwa namna ya kuchekesha. Mwalimu akampiga picha ya kutembea, akaipeleka katika kundi la wenzake, wapate kucheka kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alifikiri wenzake ni ishirini tu. Mmoja wa wale ishirini akaipeleka kwa wengine, na siku ya pili ilikuwa imerudi kijijini, katika simu ya kaka yake yule msichana. Watoto wakamwita kwa neno lile alilolikosea. Akaacha kuja shule.

Yule mwalimu alipoambiwa alikwenda kwa mama wa mtoto, akaomba radhi, akaifuta picha katika simu yake mbele ya mama. Mama akamwuliza, Na zile nyingine? Hakuwa na jibu, wala sisi hatuna. Mtoto alirudi shuleni baada ya majuma mengi, kwa kuwa mwalimu mkuu alimfuata nyumbani mara kwa mara, lakini hakukubali tena kusoma kwa sauti. Wapendwa, pale Newala tunapo mahali tunapopaita Shimo la Mungu. Mtu akisimama ukingoni akatupa jiwe, hataliona litakapotua, wala hatashuka kulitafuta. Picha ya mtoto ikiisha kutoka mkononi imekwenda vivyo hivyo.

Katika jambo hili sisi watu wa kusini hatukuanza kujifunza jana. Wazee wetu wa jando na unyago walijua kwamba yako mambo yanayofundishwa uwanjani na mambo yanayofundishwa faraghani. Askofu Lucas naye alipokuwa akitafuta njia ya kuufanya mwali wa Kikristo, hakuidharau hekima hiyo, bali alitaka itakaswe na kutunzwa. Leo twaona watu wakiwapiga picha wasichana wadogo siku ya kutolewa unyago, wamevaa nguo chache, na kuzipeleka kwa watu wasiowajua, ambao nia zao ni giza. Bibi zetu wangalilia. Mwalimu na awe wa kwanza kuishusha simu, na kumwomba jirani ashushe yake.

Sheria za nchi nazo zasema. Iko Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kisha mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo yafundisha kwamba habari za mtu ni zake, hazichukuliwi ovyo. Alama za mtihani, ugonjwa wa mtoto, na jina la baba asiyelipa michango si habari za kundi la wazazi. Mzazi mwenye neno lake aambiwe peke yake. Wala mwalimu asiandikiane na mwanafunzi kwa siri usiku. Akiwa na neno la masomo, aliseme darasani, au kwa simu ya mzazi, mchana.

Liko jambo jingine linaloharibu jina la mwalimu, nalo ni fedha. Mwalimu mpya hungoja mshahara wa kwanza, mfuko mtupu, na simu humwambia kwamba mkopo upo, hapana dhamana, bonyeza tu. Akibonyeza huiruhusu programu isome majina ya watu wote aliowahifadhi. Siku ya kulipa ikipita, watu hao huandikiwa kwamba fulani ni mdaiwa sugu: mwalimu mkuu, padre, mama mkwe, hata mzazi wa mwanafunzi. Mikopo ya namna hii watu wameiita kausha damu, na jina limepata mwenyewe. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya kukopesha yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Basi mwalimu mwenye shida na aende kwa ndugu, au katika chama cha kuweka na kukopa, kabla ya kuifungulia programu asiyoijua mlango wa nyumba yake.

Tena wako matapeli. Ujumbe usemao, Ile hela itume kwenye namba hii, umewafikia wengi wetu, na wengine walituma. Namba ya siri asipewe mtu awaye yote, hata akijiita afisa. Tarakimu za uthibitisho zikija katika simu, ni ufunguo, hazisomwi kwa sauti. Na kila mtu abonyeze *106# aone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, asije akaitwa kujibu makosa ya mtu mwingine.

Tumesema mengi. Sasa twaomba mambo matatu, ambayo parokia na shule yoyote yaweza kuyafanya bila fedha. La kwanza, walimu wa kila shule waketi na wazazi, waandike katika karatasi moja ni picha gani za watoto zapigwa, na nani, na kwa ruhusa ya nani, kisha karatasi ibandikwe ukutani. La pili, mwalimu mzoefu amchukue kijana anayekuja kwa mazoezi, amwambie maneno haya siku ya kwanza, asingoje kosa litokee. Na vijana nao wawafundishe wazee kupakua vitabu, maana katika hilo wao ndio walimu wetu. La tatu, kila mmoja wetu afuate desturi ya lala nalo: neno lililoandikwa kwa hasira, au picha yenye kumchekesha mtu kwa gharama ya mwingine, ikae ndani ya simu usiku mmoja. Asubuhi ikiwa bado ni njema, na iende.

Usiku huo mmoja ndio badala ya ile safari ndefu ya kwenda pwani. Walimu waliotutangulia walipewa ulinzi huo na njia yenyewe, na sisi tutajipa kwa hiari yetu. Na yule msichana aliyeacha kusoma kwa sauti yuko bado darasani, katika dawati la nyuma. Kijana anayemaliza chuo mwaka huu huenda akapangwa kumfundisha. Twamwomba aende polepole, amwite kwa jina lake, na simu aiache mezani.