Baada ya Nyuzi Kutolewa: Huduma kwa Familia za Watoto wenye Mgongo Wazi na Kichwa Kikubwa

Mtoto mwenye mgongo wazi akishafungwa kidonda, au mwenye kichwa kikubwa akishawekewa mrija wa kutoa maji kichwani, majirani husema amepona. Mama aliyesafiri naye kwa basi kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam anajua kwamba ndiyo kwanza kazi inaanza. Hoja ya mada hii ni kwamba huduma za afya Tanzania zimeelekea zaidi kwenye upasuaji, ilhali maisha ya mtoto huamuliwa na yale yanayotendeka nyumbani kwa miaka mingi baadaye.

Mgongo wazi hutokea mapema mno. Mfereji unaozaa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo wa mimba, na sehemu isiyojifunga huacha neva zikiwa wazi. Wengi wa watoto hawa hujaa maji kichwani pia. Wengine hupata kichwa kikubwa baada ya kuzaliwa: utafiti katika hospitali ya watoto ya CURE, Mbale, nchini Uganda, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wachanga waliofikishwa hapo kwa tatizo hilo walilipata kutokana na maambukizi.

Hospitali hiyohiyo ilibadili mengi. Daktari Benjamin Warf alithibitisha kuwa mrija wa bei nafuu wa Chhabra, unaotengenezwa India, ulifanya kazi sawa na ule wa bei kubwa. Akaendeleza pia njia ya kuyafungulia maji mlango ndani ya ubongo bila kuacha mrija mwilini. Hatua hiyo ni kubwa kwa familia inayoishi mbali na daktari wa upasuaji, kwa sababu mrija huweza kuziba au kuingiwa na vijidudu wakati wowote.

Hapo ndipo maarifa ya mzazi yanapookoa maisha. Mrija ukiziba, mtoto hutapika, husinzia kupita kiasi, utosi huvimba na macho huelekea chini. Kutapika, pamoja na homa mrija unapoingiwa na vijidudu, hufanana na malaria, na mtoto anaweza kupewa dawa za malaria huku shinikizo likipanda kichwani. Mama aliyeelezwa dalili hizi kwa utulivu, akaandikiwa kwenye kadi, ataweza kumwambia mhudumu wa zahanati: huyu ana mrija, tuandikieni rufaa. Kupima mzunguko wa kichwa kila kliniki hakuhitaji zaidi ya futi kamba, na kunastahili kufanyika kwa kila mtoto mchanga.

Lakini jambo linaloelemea familia kuliko yote huzungumzwa kwa sauti ya chini: mkojo na choo. Neva zilizoharibika haziwezi kukitawala kibofu. Mkojo hubaki ndani, hurudi juu, na polepole huharibu figo. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, na wenzake walieleza njia rahisi: kuingiza mpira mwembamba mara kadhaa kwa siku, kwa mikono safi, bila masharti ya chumba cha upasuaji. Mama anaweza kuifanya sebuleni. Mtoto akifundishwa vizuri, hujifanyia mwenyewe anapofikia umri wa shule. Matokeo yake si figo pekee. Mtoto mkavu hukaa darasani na wenzake. Anayelowa hutaniwa, kisha hubaki nyumbani. Kwa hiyo mpira wa mkojo, maji safi na choo chenye mlango unaofungika shuleni ni vifaa vya elimu sawasawa na daftari. Inasikitisha kuona mtoto aliyegharimiwa upasuaji mkubwa akipoteza figo kwa kukosa mpira na mtu wa kumfundisha mama yake.

Nani afundishe? Wauguzi, ndiyo. Ila mwalimu anayeaminiwa haraka zaidi ni mama mwingine aliyekwisha pitia njia hiyo. Chama cha wazazi, ASBAHT, kimewakutanisha wazazi wa watoto hawa nchini. Mzazi aliyeambiwa na ukoo kwamba ameleta mkosi, na pengine ameachwa na mume, hupata hapo watu wasiomuuliza alifanya nini. Wawezeshaji kama hao wanastahili kulipwa na hospitali za rufaa kama Bugando na KCMC, badala ya kutegemewa kwa moyo wa kujitolea tu.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya matibabu na utengemao, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Hata bima inapomlipa daktari, nauli ya kurudi kliniki na siku za kibarua zilizopotea hubaki kwa mama.

Upande wa kinga nao una pengo. Vidonge vya foliki asidi hutolewa kliniki, lakini wanawake wengi huanza kliniki mimba ikiwa imepita miezi mitatu, mfereji umeshajifunga au umeshindwa kujifunga. Ndiyo maana virutubishi kwenye unga vina maana, na mashine ndogo za kusaga vijijini zisisahauliwe. Mwaka 1991 utafiti wa Uingereza ulionyesha kuwa dozi kubwa ya foliki asidi, miligramu 4 kwa siku kuanzia kabla ya mimba, huzuia takriban asilimia 72 ya kujirudia kwa tatizo kwa mama aliyekwisha zaa mtoto wa namna hii. Mama huyo yupo wodini tayari, na jina lake limo kwenye jalada. Aelezwe dozi hiyo, na apangiwe mahali pa kuipata, kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani na mwanawe.