Mifupa ya Luxmanda

Msikilizaji wa Mutuka unayebishana na jirani yako nani alitangulia Babati, Mgorowa au Mbarbaig, sikia hili. Huko Luxmanda, wilayani Babati, yalichimbuliwa mabaki ya mtu wa jamii ya wafugaji wa miaka 3,100 hivi iliyopita. Uchunguzi wa vinasaba vyake, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba asilimia 38 hivi ya asili yake inahusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati. Sehemu iliyobaki inakaribiana na mtu wa kale wa pango la Mota, Ethiopia. Damu tayari ilikuwa mchanganyiko, tena kabla Wabantu hawajafika hapa! Vinasaba havitoi hati ya kiwanja. Anayetaka kumfukuza mwenzake Babati kwa kisingizio cha damu hana hoja.