Michanganyiko ya Sumu Haina Budi Kupimwa kwa Pamoja



Mwaka 1976 nchi ya Pakistani ilikuwa katika vita dhidi ya malaria. Wapulizaji wapatao 7,500 walitumwa kunyunyiza malathioni majumbani, dawa iliyohesabiwa miongoni mwa zile zenye sumu hafifu kwa binadamu. Katika mwezi wa Julai ilikadiriwa kwamba wapulizaji 2,800 walidhurika, na watano walifariki dunia.

Uchunguzi ulidhihirisha mambo mawili. Kwanza, utaratibu wa kazi ulikuwa mbaya, na dawa ilipenya katika ngozi. Pili, na hili ndilo kubwa, baadhi ya dawa ilikuwa na isomalathioni, kemikali ambayo huweza kuzuka dawa ikihifadhiwa katika joto. Mwili wa binadamu una kimeng'enya kinachoivunja malathioni kabla haijadhuru mishipa ya fahamu. Isomalathioni hukizuia kimeng'enya hicho. Mlinzi akiisha kufungwa kamba, hata mwizi dhaifu huingia.

Kwa desturi, kila kemikali hupimwa peke yake na kuwekewa kikomo chake. Lakini mfanyakazi wa shambani au kiwandani hapati kemikali moja moja. Kwa sababu hiyo wataalamu wanayo hesabu nyingine: kiasi alichopata mtu hugawanywa kwa kikomo cha kemikali hiyo, kisha majibu ya kemikali zote zenye madhara ya namna moja hujumlishwa. Mathalan, aliyepata nusu ya kikomo cha kila moja ya dawa tatu anaonekana salama katika kila dawa. Jumla yake, hata hivyo, ni moja na nusu. Amekwisha kuvuka mpaka.

Hata hesabu hiyo ina upungufu, kwani huchukulia kwamba sumu hujumlika tu, hali nyingine huzidishana. Taarifa iliyotolewa Marekani mwaka 1979 ilionyesha kwamba hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu, ikilinganishwa na watu wasioguswa na asbesto wala sigara, ilikuwa kama mara 5 kwa wafanyakazi wa asbesto wasiovuta, mara 11 kwa wavutaji wasiofanya kazi hiyo, na zaidi ya mara 50 kwa waliokuwa na yote mawili.

Jambo hili si la ugenini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania ulikuta kwamba kiasi cha theluthi moja walichanganya dawa katika bomba moja, pasipo maelekezo ya kibandiko wala ya bwana shamba. Mkulima huyo hakufanya hivyo kwa ukaidi. Alitaka kuokoa mazao, muda na fedha.

Basi wajibu uko wazi. Bwana shamba asiishie kuuliza ni dawa gani iliyotumika, bali aulize imechanganywa na nini. Mganga ampokeapo mgonjwa wa sumu aandike dawa zote alizozishika. Mtunza ghala azikinge dawa na joto, na zilizopitwa na wakati asizigawe. Mwalimu naye awafundishe watoto hesabu ile ya nusu tatu, kwani wengi wao ndio wanaowachotea maji wazazi siku ya kupuliza.